Kompyuta ilale vipi mahali umeme unapokatika bila taarifa

Ushauri mwingi kuhusu kubana matumizi ya umeme kwenye kompyuta unamfaa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Sisi wa Mtwara na Lindi, licha ya gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo kuchimbwa kwetu (wageni hushangaa sana wanapokuta taa zimezimika), tunapaswa kuanza na swali jingine: umeme ukikatika wakati kompyuta imelala, kazi iliyokuwa wazi itabaki wapi? Ninahudumia kompyuta za ofisi ndogo mjini Mtwara, nyingi zikiwa za mezani na hazina UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika), na swali hilo hulitanguliza kabla sijafikiria uniti za LUKU.

Kompyuta inapolala kwa njia ya kawaida, prosesa, diski na feni husimama, lakini RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) huendelea kupewa umeme kidogo ili ishikilie mafaili na madirisha yote yaliyoachwa wazi. Ni wati chache tu, na ndiyo maana mashine huamka mara moja ukigusa kibodi. Ila umeme huo ukikatika, kila kitu ambacho hakikuhifadhiwa kimepotea. Haibaneti (hibernate), njia ya pili ya kulala, ni tofauti, kwa sababu huandika kwenye diski yote yaliyomo ndani ya RAM, kisha huizima mashine kabisa, kiasi kwamba hata ukichomoa waya na kuurudisha baada ya wiki utaikuta orodha ya uzito wa korosho pale pale ulipoiachia. Katikati ya njia hizo mbili kuna kulala kwa mseto, ambako ndiko ninakokupendekeza kwa kompyuta yoyote ya mezani inayokubali: mashine huandika nakala kwenye diski na wakati huo huo huiachia RAM umeme wake. Umeme usipokatika, inaamka haraka. Ukikatika, inasoma ile nakala ya kwenye diski, na mwenye kazi anangoja kidogo tu.

Kwenye Windows 10 na 11, muda wa kuzima skrini na wa kulala hupangwa ndani ya Mipangilio, sehemu ya Mfumo, kwenye kipengele cha umeme. Kulala kwa mseto hakupo hapo; inabidi kufungua Paneli ya Kudhibiti ya zamani, kuingia kwenye chaguo za umeme, kisha kwenye mipangilio ya kina chini ya kifungu cha kulala. Haibaneti isipoonekana kwenye menyu ya kuzimia, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /hibernate on, kisha uitie alama kwenye ukurasa unaopanga kazi za vitufe vya kuwashia. Faili lake huchukua nafasi kwenye diski, kwa kawaida kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, kwa hiyo mwenye RAM ya GB 8 aandae zaidi kidogo ya GB 3.

Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina mseto, lakini zina betri, na hapo tatizo huwa ni betri iliyochoka. Windows hungoja chaji ishuke hadi karibu asilimia 5 ndipo iingie haibaneti, ilhali betri kuukuu inaweza kuzimika ghafla ikiwa bado inasoma 15. Pandisha kiwango hicho cha hatari hadi 20 katika mipangilio ile ile ya kina.

Kuhusu skrini sina maneno mengi: izimike baada ya dakika 5. Kuzimika kwa skrini hakusimamishi kazi, kwa hiyo faili linaloshushwa kutoka intaneti litaendelea kushuka, jambo ambalo kompyuta iliyolala hailiwezi. Zile picha zinazotembea kwenye skrini hazipunguzi matumizi hata kidogo. Zilibuniwa kulinda skrini za kichogo zisiachwe na alama ya picha moja. Chukua kompyuta inayokula wati 60 bila kufanya kazi, na skrini yake ya wati 20: zikiachwa zinawaka kwa saa 12 za usiku, karibu uniti 1 imekwenda.

Iko kero moja ambayo watu huilaumu mipangilio ilhali kosa haliko huko, nayo ni kompyuta kuamka yenyewe. Angalia meza kwanza. Ofisi moja ya chama cha msingi ilikuwa na feni ya mezani iliyowekwa kando ya kompyuta, na kila feni ilipogeuka upande wa pili meza ilitikisika, kipanya kikasogea kidogo sana, taa ya skrini ikatoka rangi ya chungwa ikawa ya bluu. Ingia kwenye Kidhibiti cha Vifaa, fungua sifa za kipanya, uondoe alama inayokiruhusu kuamsha kompyuta, na uiache kwenye kibodi peke yake. Kama kisa si kipanya, amri ya powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho, na powercfg /requests hutaja programu inayoizuia isilale, ambayo mara nyingi huwa ni kichupo cha video kilichoachwa kinacheza kwenye kivinjari.