Matembezi peke yake hayatoshi
Umeuliza kama matembezi ya jioni yatapunguza wazee wa mtaani kwenu kuanguka. Yana faida kwa moyo, ila kinachozuia kuanguka hasa ni nguvu za miguu na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Mpango wa Otago, mpango wa mazoezi ya wazee kutoka New Zealand, umejengwa hapo: kuinuka kitini, kusimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kupanda ngazi, mara 3 kwa wiki. Uchambuzi wa 2019 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ulikuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Tafadhali msitumie viti vya plastiki, vinateleza; tafuteni vya mbao, vizito, viegemee ukuta. Mwenye kizunguzungu amwone daktari kwanza.