Kabla Hujanunua Lenzi Nyingine: Ukali wa Picha za Wadudu Unatoka Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bukoba alinitumia picha ya senene aliyetua juu ya jani la mgomba, pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, naomba unitajie lenzi ya kununua, maana hii niliyonayo haitoi picha kali." Niliikuza picha yake kwenye kompyuta nikakuta vipapasio vya senene yule vimetoka safi kabisa, pingili kwa pingili, ilhali jicho lake, ambalo lilikuwa nyuma kwa umbali usiofika nusu sentimita, limefunikwa na ukungu. Lenzi iliyoweza kuchora kipapasio kwa usafi ule haiwezi kushtakiwa kwa kosa la kutochora jicho. Nimeamua kumjibu hapa kwa urefu kwa sababu swali lake ndilo ninaloulizwa kila mara, na pia kwa sababu mwezi huu kituo kimoja cha utafiti wa kilimo kimetundika ukutani picha yangu ya maji moto, wale chungu wa mitini, yenye upana wa nusu mita, kwa hiyo nadhani nimepata haki ya kulizungumzia jambo hili.

Lenzi yangu ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ya milimita 100 niliinunua ikiwa imetumika, na niliinunua kwa ajili ya harusi. Maharusi wa Tanga wakati ule walikuwa wameanza kudai picha ya pete iliyojaa fremu nzima hadi herufi zilizochongwa ndani yake zisomeke, na studio niliyokuwa nikiifanyia kazi haikuwa na lenzi ya namna hiyo. Pete ni mwanamitindo mtulivu sana: haipumui, haishtuki, wala haikimbii kivuli cha mpiga picha. Siku za katikati ya wiki, ambapo hakuna harusi, nilianza kuipeleka lenzi ileile kwenye michungwa ya Muheza, ambako maji moto hukunja majani mabichi na kuyashona kuwa viota. Mwenye studio alipoziona picha hizo aliniuliza mbele ya wenzangu kama mdudu angetusaidia kulipa kodi ya pango. Walicheka wote, nami nikacheka pamoja nao, lakini sijalisahau swali lile hadi leo.

Sitawachosha kwa kusimulia miezi iliyofuata. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba katika picha za karibu sana ukali hautoki kwenye bei ya lenzi. Lenzi za makro, hata zile za zamani, karibu zote ni kali kuliko mikono ya wanaozishika. Ukali hutoka katika kujua jinsi eneo linaloonekana kali lilivyo jembamba, kisha kuamua lipite wapi, kisha kuhakikisha kwamba halihami katika ule muda mfupi ambao picha inachukuliwa.

Tuanze na wembamba huo. Lenzi ya makro inapofika katika kipimo cha ukubwa halisi, chungu mwenye urefu wa milimita 8 huchukua milimita 8 kamili kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea picha. Katika kipimo hicho, ukitumia tundu la lenzi la f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwenye kamera yenye kihisi kidogo, yaani kile cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6, eneo linaloonekana kali ni zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Kwenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 linakaribia milimita moja. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mdudu itakuwa na ukungu, utake usitake, na kazi ya mpiga picha ni kuchagua ile sehemu ndogo itakayookolewa. Binadamu akitazama picha ya kiumbe chochote hutafuta jicho kwanza. Jicho likiwa kali atasamehe miguu na mgongo, na jicho likiwa na ukungu hatasamehe chochote.

Ndiyo maana nazima fokasi ya otomatiki kabisa. Nazungusha pete ya lenzi hadi kwenye kipimo ninachokitaka, naiacha hapo, kisha nasogeza mwili wangu mzima mbele na nyuma, polepole, hadi jicho la mdudu liingie ndani ya lile eneo kali, jembamba kama utando, na hapo ndipo ninapobonyeza. Mkono wa kushoto hushika kijiti au jani alilotua mdudu, na lenzi huegemea juu ya mkono huohuo, ili upepo ukivuma jani na kamera viyumbe pamoja. Mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano hufanya vivyo hivyo bila kufundishwa: hugusanisha mikono yake miwili, kwa sababu anajua kwamba mikono miwili inayoelea kila mmoja kivyake haitakutana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza, nalo ni pembe. Utando ule mwembamba upo sambamba na mgongo wa kamera. Kipepeo aliyefunga mabawa, akipigwa kutoka ubavuni huku mgongo wa kamera ukiwa sambamba na bawa, atatoka mkali kuanzia kichwani hadi kwenye ncha ya bawa hata kwa f/5.6. Kipepeo huyohuyo akipigwa kwa mshazari hatakuokoa hata kwa f/16. Yule senene wa Bukoba alipigwa kwa mshazari, kipapasio kikiwa mbele na jicho nyuma. Kama mpiga picha angesogea hatua moja kulia na kuinama kidogo, angevipata vyote viwili bila kutoa hata shilingi.

Nakuja sasa kwenye mwanga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha zangu zilipobadilika. Chukua kamera yenye pikseli 6,000 kwa upana na kihisi kidogo nilichokitaja. Katika ukubwa halisi, kila milimita moja ya mdudu inachorwa na pikseli zipatazo 255. Mkono wako ukisogea sehemu moja ya kumi ya milimita wakati shata iko wazi, kila nukta ya mdudu inaburuzwa juu ya pikseli 25. Sehemu moja ya kumi ya milimita ni kiasi ambacho pigo la moyo wako linatosha kukisababisha, na ile mitambo ya kutuliza mtikisiko iliyomo ndani ya lenzi, ambayo hufanya vizuri ukumbini, hupungukiwa sana na nguvu katika umbali wa karibu namna hii. Wengi hujaribu kuongeza kasi ya shata, kisha picha inakuwa na giza, kisha wanapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kisha picha inajaa chenga na manyoya ya mdudu yanapotea ndani ya chenga hizo, na mwisho wanailaumu lenzi.

Dawa yake ni flashi, na sababu yake si wingi wa mwanga bali ufupi wake. Flashi ndogo ya kuweka juu ya kamera, ikipunguzwa nguvu hadi 1/32, huwaka kwa muda wa takriban 1/10,000 ya sekunde au mfupi zaidi. Ukiweka kasi ya shata kwenye 1/200 ya sekunde, ISO 100 au 200 na f/8 hadi f/11, mwanga wa kawaida wa kivulini hauchangii karibu chochote. Picha yote inachorwa na lile pigo fupi la flashi, na katika muda huo si mkono wako wala mguu wa chungu unaoweza kusogea kiasi cha kuonekana. Stendi ya kamera niliiacha nyumbani tangu nilipolielewa hili, kwa sababu maji moto hawamngojei mtu anayefungua miguu ya stendi.

Hata hivyo, flashi tupu huharibu kwa namna nyingine. Mwili wa chungu unang'aa, na mwanga mkavu huacha juu yake doa jeupe ambalo ndani yake hamna alama yoyote, na jicho la mtazamaji huliona doa hilo kama ukosefu wa ukali hata pale ambapo fokasi ni sahihi. Inabidi mwanga utawanywe. Mimi hutumia lile sponji jembamba jeupe linalokuja limefungiwa vyombo vya umeme, nikalikunja juu ya fremu ya waya mbele ya flashi hadi likaribie ncha ya lenzi. Kipande chenye upana wa sentimita 20 kikiwa sentimita 10 kutoka kwa chungu ni kikubwa kwake kuliko wingu zima. Kikisogea mbali kinageuka tena kuwa nukta, kwa hiyo ukaribu wake ni muhimu kuliko ubora wa sponji lenyewe. Jambo moja la kujihadhari ni kwamba mandhari ya nyuma iliyo mbali itatoka nyeusi kabisa. Mwenzako akishika jani la kijani sentimita chache nyuma ya mdudu, weusi huo unaondoka.

Mtu atauliza kwa nini asifunge tundu la lenzi hadi f/22 ili apate kina kikubwa. Atapata kina, lakini picha nzima italegea. Lenzi inapokaribia ukubwa halisi, tundu hufanya kazi kama lililofungwa zaidi kuliko namba yake inavyosema: f/8 inakuwa kama f/16, na f/22 inakuwa kama f/44. Katika udogo huo mwanga wenyewe hujisambaza unapopita, na kila nukta inageuka kuwa duara linalofunika pikseli nyingi. (Wenye Nikon na lenzi zake za makro wataona kamera ikiwaonyesha namba iliyokwisha kubadilika, wenye Canon wataona ile ya asili, msibishane kwenye makundi ya WhatsApp kwa sababu hiyo.) Mimi sivuki f/11 bila sababu nzito.

Wakati pia ni kifaa. Damu ya wadudu hufuata joto la mahali walipo, kwa hiyo alfajiri, hasa huko Amani katika Usambara Mashariki, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kerengende aliyejaa umande hawezi kuruka hata akitaka. Wafugaji wa vipepeo wa vijiji vya huko wanajua kwamba kipepeo aliyetoka kwenye ganda la pupa muda huohuo huning'inia akitulia hadi mabawa yakauke na kuwa magumu, na huo ni muda wa kutosha kumpiga kwa utaratibu wote unaoutaka. Vinyonga wadogo wa msituni hulala usiku kwenye ncha za vijiti. Na maji moto, ambao kila mtu huwaona kama viumbe wasiotulia, hutulia sana wanaposhona kiota: safu ya wafanyakazi huuma ukingo wa jani moja na kung'ang'ania jingine kwa miguu, nao hubaki hivyo wakati wenzao wakija na mabuu midomoni na kuyapitisha huku na huku ili uzi wa hariri unaotoka kwa mabuu uyaunganishe majani. Picha iliyotundikwa ukutani ni ya tukio hilo. Wakulima wa minazi na mikorosho wanawapenda kwa sababu huwafukuza kunguni wanaoharibu matunda, ingawa mpiga picha anayeegemea tawi lao hatawapenda kwa dakika chache za mwanzo.

Kwa mdudu aliyetulia namna hiyo unaweza kupiga picha kadhaa mfululizo, kila moja ikilenga mbele kidogo kuliko iliyotangulia, kisha ukaziunganisha kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker. Hatua kati ya picha na picha iwe ndogo kuliko ule utando, la sivyo utaona mistari ya ukungu inayokatiza mwili. Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie, na wapo wanaomuua kabisa, kisha wanaiweka picha mtandaoni kana kwamba walimkuta porini. Ndugu zangu, tusifanye hivyo. Mdudu aliyekufa anajulikana kwa jinsi miguu yake inavyojikunja chini ya tumbo, na anayewafahamu wadudu hadanganyiki. Amka mapema, hilo halina gharama.

Lazima niseme pia kuhusu yule ndugu aliyeandika chini ya picha yangu ya kwanza kusambaa kwamba nimeiiba kwa wazungu, kwa sababu, kwa maneno yake, vifaa vya Muheza havifiki hapo. Faili halisi ninalo, na namba ya kamera imo ndani yake. Hakuwahi kuomba kuliona. Nawashauri wadogo zangu wapige kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, tangu siku ya kwanza na wasifute chochote kilicho kizuri, si kwa ajili ya kurekebisha rangi pekee bali kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ambao hawatakosekana.

Wale wa kituo cha utafiti walipoitaka picha waliniomba niikate ili chungu aonekane mkubwa zaidi, nami nilikataa. Pikseli 6,000 zikichapwa kwa 300 kwa kila inchi zinatoa upana wa sentimita 50 hivi, na hapo ukali wote unabaki. Ukikata nusu, unabaki na 3,000 za kutandaza juu ya ukuta uleule, na kila kosa dogo la fokasi linakuzwa mara mbili. Anayemtaka mdudu mkubwa kuliko ukubwa halisi amkaribie pale pale shambani. Kioo cha kubana mbele ya lenzi kama Raynox DCR-250, kikiwekwa juu ya lenzi ya makro ya milimita 100, kinakaribia kuongeza kipimo mara mbili, kwa bei iliyo ndogo sana kuliko ya lenzi mpya. Lakini katika kipimo hicho eneo kali kwa f/8 kwenye kihisi kidogo linashuka hadi robo milimita, flashi italazimika kuongezwa nguvu, na sponji litalazimika kusogea karibu zaidi na chungu, mahali ambapo atalipanda.