Mjamzito mwenye presha asitosheke na kuambiwa "damu unayo"

Huku Dodoma mjamzito hukutana na swali la damu kila anakopita. Umepima? Iko ngapi? Ikiwa 9 utaletewa juisi ya choya, matembele na maini hadi uchoke. Ikiwa 13 au 14, unapewa hongera. Mimi nilipewa. Ilikuwa mimba yangu ya pili, nimeshaingia mwezi wa nane, miguu imevimba viatu havipandi, presha 150 kwa 100, na kwenye kadi ya kliniki wingi wa damu umeandikwa 14.2. "Mama, damu unayo," nikaambiwa, na mama mkwe akafurahi.

Daktari wa hospitali ya rufaa ndiye aliyefunua kurasa za nyuma. Mimba ilipokuwa changa damu ilikuwa 11.6. Akaniuliza imepandaje hivyo.

Mimba ikienda vizuri, maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kipimo hushuka kidogo. Ndiyo maana kwa mjamzito upungufu huhesabiwa kuanzia chini ya 11. Dalili za kifafa cha mimba (presha ya mimba inayoweza kuleta degedege) zikianza, kuta za mishipa huumia na kuvujisha maji. Maji yale ndiyo yanayovimbisha uso na miguu, na damu inayobaki kwenye mishipa inakuwa nzito. Kipimo kinapanda wakati damu yenyewe haijaongezeka hata tone. Mwenye presha akiona namba imepanda ghafla, asishangilie.

Kilichoamua mambo kwangu ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kawaida huanzia kama 150,000 kwa mikrolita moja. Zikiwa chini ya 100,000 kwa mwenye tatizo hili, hali inahesabiwa kuwa kali. Zangu zilikuwa 58,000. Walipochomoa sindano pamba ililowa, wakaweka nyingine, nayo ikalowa, na kesho yake kiwiko kilikuwa na doa jeusi kubwa. Majibu ya ini nayo yalikuwa juu, na chembe nyekundu zilikuwa zinapasuka. Hali hiyo madaktari huiita HELLP. Wakati huo wote nilikuwa na maumivu kwenye chembe ya moyo, kuelekea mbavu za kulia, na nyumbani tulisema ni vidonda vya tumbo. Jamani, mjamzito mwenye maumivu ya hapo asipelekwe duka la dawa. Apelekwe hospitali, hata kama ni usiku.

Nilichomwa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege (joto lake unalisikia mwili mzima), nikapewa dawa ya presha, kisha nikafanyiwa upasuaji kwa usingizi kamili. Sindano ya mgongo ilikataliwa kwa sababu chembe sahani zikiwa chini kiasi hicho, damu inaweza kuvuja karibu na uti wa mgongo.

Kwa hiyo dada yangu, ukiwa na presha kuanzia 140 kwa 90 na mimba imepita wiki 20, uliza mkojo wako una protini au hauna, kisha omba picha kamili ya damu, kipimo kinachohesabu chembe zote zikiwemo sahani, pamoja na vipimo vya ini na figo. Kama uko Bahi au Chemba na zahanati yenu haina mashine hizo, omba rufaa mapema, usingoje kichwa kigonge au macho yaone ukungu. Choya kunywa kama umeshauriwa kuongeza damu, lakini hiyo haitibu presha ya mimba.

Ukishajifungua usikimbilie kuomba ruhusa. Chembe sahani zinaweza kuendelea kushuka siku moja au mbili, na degedege linaweza kuja mtoto akiwa tayari mikononi. Mimba nyingine ikiingia, nenda kliniki mapema kabisa, ueleze yaliyokupata: kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia, na inafaa ianze kabla ya wiki 20.