Kikanisa cha Miller ni cha Wasabato?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni Msabato wa huku Same, juzi mzee wetu wa kanisa katuonyesha picha ya kikanisa cheupe cha mbao kiko Hampton, New York, akasema hapo ndo Wasabato walikusanyika tarehe 22 Oktoba 1844 kumngoja Yesu. Ni kweli? Na mbona kadogo vile kama nyumba ya mtu?

JIBU: Nzuri sana ndugu yangu. Mahali mzee wenu kapapatia, miaka ndo imemchanganya. Kikanisa kimejengwa 1848, miaka minne baada ya siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyengojea humo ndani, ila hapohapo jirani pana mwamba na inasimuliwa kwamba waumini walisimama juu yake siku ile. Na Wasabato walikuwa bado. William Miller, aliyekijenga kikanisa hicho, alikuwa mkulima na mhubiri wa Baptisti, na mpaka anafariki Desemba 1849 hakuwahi kushika Sabato.

Sasa hesabu zake za siku 2300 za Danieli 8:14, alizosema zinaonyesha Yesu anarudi karibu mwaka 1844, zilipokwama, kanisa lake la Baptisti pale kijijini likamtenga mwaka 1845 yeye na wenzake, wakawa hawana pa kusalia, ndo akajenga hiki karibu na nyumba yake, na kipindi hichohicho alikuwa anapofuka macho. Udogo wake ni huo, ni kanisa la watu wachache waliofukuzwa. Lakini angalia vizuri ile picha, mbao za ukutani zimelaliana kama magamba ya samaki ili mvua na theluji visipenye, na ile pembetatu ya mbele chini ya paa imeigwa kwenye mahekalu ya Kigiriki, ilikuwa fasheni Marekani miaka ile, hata wakulima walijengea nyumba zao.

Ndani, ukutani nyuma ya mimbari, kuna maneno ya Danieli 8:19 kwamba mwisho utakuja kwa wakati ulioamriwa. Hapo mimi nashikwa kabisa, watu tarehe imewaaibisha nchi nzima inawacheka na bado ukutani kwao panasomeka vile!

Kanisa mnalolitafuta nyie liko Washington, New Hampshire, nalo la mbao, huko ndo waadventista, yaani hao waliokuwa wanangoja Yesu arudi, walianza kushika Sabato 1844. Kutoka hapo mpaka wamisionari wa Kijerumani wanapanda milima ya Pare na kufungua kazi Mamba Giti ni 1903, na hapo kwa Same mnaweza kwenda hata kesho.