Kabla ya urithi, uliza mirathi: kwa mnaoanza kazi ya majengo ya kale Bagamoyo

Kila mwaka wanakuja vijana wapya, wengine wa chuo wako fildi, wengine wanajitolea, wengine wamepata ajira kwenye mradi wa miezi sita, wanashuka stendi na begi la kompyuta na hamu ya kuokoa Mji Mkongwe kabla jua halijazama. Nawapenda sana wadogo zangu, na mimi nilishuka hivyo hivyo. Ila siku ile angetokea mtu akanikalisha chini akaniambia haya ninayowaandikia, ningeokoa hela za watu na aibu yangu mwenyewe.

Nianze na kosa langu kubwa kabisa. Kulikuwa na nyumba moja Mtaa wa India, ya ghorofa, mlango wa nakshi bado upo, baraza la mbele limeanza kukatika na ukuta wa upande umefanya tumbo. Tulikuwa na hela kidogo ya kuukarabati ule ukuta. Ndani anaishi mzee mmoja, tukamuamkia, tukakaa nae, tukanywa kahawa, akatuhadithia mengi, mwisho akasaini karatasi ya ridhaa na sisi tukapiga picha. Kwenye ripoti nikaandika "mmiliki ameridhia" na nikaona nimefanya kazi ya maana. Siku ya nne fundi yuko juu ya mirunda, tumeshachokonoa lipu yote ya zamani na mawe ya matumbawe yako wazi, mara ikasimama gari kutoka Dar, wakashuka watu watatu, mmoja ameshika faili. Nani kawapa ruhusa ya kubomoa nyumba ya marehemu babu yetu? Nikamuonyesha karatasi, akacheka. Kumbe yule mzee hakuwa mmiliki, alikuwa mmoja wa warithi kumi na kitu, na alikaa pale kwa sababu yeye ndiye aliyebaki Bagamoyo wenzie wote walipoondoka. Kazi ikasimama, masika ikaingia ukuta uko uchi, na sehemu tuliyokuja kuiokoa ikaanguka mwezi wa nne. Mvua tuliilaumu sana lakini ukweli ni kwamba tuliiangusha sisi.

Kwahiyo somo langu la kwanza na karibu la mwisho ni hili, sisi maofisini tunaongea urithi, watu barazani wanaongea mirathi. Ni maneno ndugu kabisa ila usipoanza na hilo la pili, la kwanza hulifiki. Ukiona nyumba ya kale Bagamoyo imekaa inaanguka polepole na watu wanaipita tu, usikimbilie kusema wananchi hawathamini historia, hiyo ni sentensi ya mtu mvivu. Uliza nyumba ni ya nani, afu uliza baba yake nani, afu nani alifariki bila mirathi kugawanywa. Familia nyingi zinagawa kiislamu, mke akiwa na watoto anapata thumuni, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, sasa hapo fikiria vizazi vitatu vimepita bila kugawa, yaani kuna mtu fungu lake ukilipima kwa kweli ni sawa na dirisha moja. Mtu mwenye dirisha moja hawezi kutoa hela ya bati la nyumba nzima, na akitoa wenzake watasema anataka kujimilikisha. Basi kila mtu ananyamaza na nyumba inavuja.

Nini cha kufanya. Kabla hujashika hata futi ya kupimia, mwombe mwenyeji akusaidie kuwajua wote, na uulize kama yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hayupo, familia ikae kikao, iandike muhtasari, impendekeze mtu, iende Mahakama ya Mwanzo akateuliwe. Hiyo siyo kazi yako na usijifanye wakili, ila bajeti yako iwe na nafasi ya kusubiri. Mimi siku hizi nikiandika mradi wa miezi kumi na mbili, mitano naihesabia mambo ya familia na wafadhili wananishangaa mpaka nawasimulia habari ya ule ukuta. Na kuna nyumba nyingine ni wakfu, hizo haziuzwi wala hazirithiwi, hapo mtafute mutawali anayesimamia, ukimkosa yeye umekosa kila kitu hata kama mpangaji amekukaribisha chai.

Kuhusu ngazi za kuingia sitaongea sana, mnazijua: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, halmashauri, watu wa Mambo ya Kale. Usiruke hata mmoja. Ukimruka mwenyekiti wa mtaa utakuja kumkuta kwenye kikao chako amekunja mikono.

Vikao sasa. Cha kwanza niliitisha saa nne asubuhi siku ya Jumatano, nikapata wazee sita na mtoto mmoja aliyekuja kuangalia projekta. Wavuvi saa hizo wamerudi wamelala au wako mnadani pwani, kina mama wako sokoni au jikoni, vijana wa bodaboda wako kijiweni wanasaka abiria. Nikahamishia baada ya alasiri, na kwa kina mama nikaacha kabisa kuwaita, nikawa nawafuata mimi kwenye vikoba vyao nikiomba dakika ishirini kabla hawajaanza kuhesabu hisa. Huko ndiko nilikojifunza mengi kuliko vikao vyote vya projekta, maana mwanaume anakuambia nyumba ilijengwa na nani, ila mwanamke anakuambia maji yanaingilia wapi.

Na msianze na historia jamani. Kikao changu cha pili nilifungua na habari za Misheni ya Wakatoliki ya 1868, nikaja kwenye mwili wa Livingstone ulioletwa 1874 na watumishi wake kina Chuma na Susi, nikamalizia na Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar 1891, najisikia profesa. Bibi mmoja akanyoosha mkono akasema, mwanangu hayo tunayajua, huyo Livingstone alilala hapa akaondoka zake, mimi nalala hapa miaka hamsini na panavuja. Ukumbi wote ukacheka na mimi nikacheka, ila usiku sikulala vizuri. Tangu siku hiyo naanza na paa. Tukishamaliza paa, historia wanaileta wenyewe, tena ya ndani kuliko niliyoisoma, mtu anakuambia chumba hiki alikuwa anahifadhiwa bibi harusi siku saba, pale uani palikuwa na kisima, hili jiwe la barazani lina alama ya vijana wa zamani waliochonga mashimo ya bao.

Swali jingine mtakaloulizwa kila siku ni "sisi tunapata nini", na mnatakiwa muwe na jibu la kweli. Watalii wanakuja asubuhi kutoka Dar, ni kama kilomita sabini tu, wanapiga picha Ngome Kongwe, wanapita Boma la Wajerumani la 1897, wanaenda magofu ya Kaole kuona msikiti na makaburi, jioni wamerudi. Mwenye nyumba Mtaa wa India amepigiwa picha mlango wake mara mia na hajauza hata kikombe cha chai. Msimdanganye kwamba utalii utamjengea, mwambieni faida ya uhakika ni kwamba hatalala kwenye maji, na faida nyingine kama kukodisha chumba cha mbele kwa fremu ya duka au kuuza chakula itategemea yeye na ndugu zake. Kuna mwaka mtu wa mradi mmoja alitaja UNESCO kwenye kikao bila kueleza, kwamba njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe ipo tangu 2006 kwenye orodha yao ya awali, ile ya maeneo yanayosubiri kupendekezwa kuwa urithi wa dunia, kesho yake mtaa mzima unaongea kwamba wazungu wanachukua nyumba. Ilituchukua wiki kadhaa kuzima. Neno kubwa ukilitoa mfukoni hakikisha unajua utalirudishaje.

Sheria nayo muijue wenyewe, sio ya kusimuliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Sasa angalia tarehe nilizotaja hapo juu, majengo mengi mnayoyapenda Bagamoyo ni ya baada ya 1863, kwahiyo mpaka yatangazwe rasmi hayajilindi yenyewe. Ila mlango wa nyumba hiyo hiyo unalindwa! Yaani mlango unaweza kuwa na ulinzi kuliko ukuta ulioushika. Hili waambieni wenye nyumba mapema, kwa sababu madalali wa milango wanajua njia, wanakuja wakati wa msiba au ada za shule, wanatoa hela ya haraka na wanaahidi kuweka mlango mpya wa chuma "imara zaidi". Mlango ukishatoka na fremu yake, ile sehemu ya juu inabaki inaning'inia na ukuta unaanza kupasuka, hapo nyumba imepoteza uso na mfupa kwa pamoja.

Halafu simenti. Hapa nitang'ang'ania kidogo mnisamehe. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene, karibu nusu mita, na unapumua, maji yanaingia yanatoka. Ukiupiga lipu ya simenti unaonekana mpya miezi michache, afu unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma, lipu inavimba inadondoka kama ganda na inaondoka na jiwe. Tatizo simenti ipo kila duka na kila fundi kijana anaijua, chokaa inataka subira, ilowekwe shimoni wiki kadhaa na zaidi ikiwezekana, ichanganywe na mchanga kama fungu moja kwa matatu, ikishapigwa ifunikwe magunia mabichi kwa sababu inakauka kwa kuvuta hewa polepole na jua likiiwahi inapasuka. Usimwambie fundi "simenti marufuku" ukaondoka. Mtafute mzee aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, mlipe, yes mlipe, sio soda na asante, akae na mafundi vijana wawili watatu kwenye ukuta mmoja mpaka mikono yao izoee. Kijana akishajua chokaa amepata kazi ambayo jirani yake hana, na huyo ndiye atakayekupigia simu akiona mtu ameshusha mifuko ya simenti usiku.

Na boriti za mkoko, kabla hujasema ukumbi upanuliwe kwa ajili ya mgahawa, jua kwamba vyumba vyembamba vile viliamuliwa na urefu wa boriti. Niliwahi kuona mchoro mzuri sana wa kompyuta, wa mtu aliyetoa ukuta wa kati, fundi mzee akauangalia akauliza kwa upole, dari itakaa kichwani kwa nani?

Mkishika kazi mniulize chochote, nipo. Ile nyumba ya kosa langu bado tunaifuatilia, sasa msimamizi wa mirathi yupo, yule wa faili kutoka Dar ndiye alitusaidia kuwatafuta wenzake, na mzee amehamia chumba cha nyuma ambacho hakivuji. Warithi wote wamesaini isipokuwa mmoja aliyeko Muscat, ambaye kila tukimpigia anasema akija Bagamoyo mwezi wa Ramadhani ataiona kwanza nyumba kwa macho yake ndio asaini. Chokaa tumeshailoweka.