Kabla Hujasimama Mbele ya Geti na Kipaza Sauti

Natangaza kipindi cha nyumba na viwanja kwenye runinga hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa sita. Vijana wanaoitamani kazi hii huniandikia, na karibu wote huuliza kuhusu nguo na kuizoea kamera. Kamera utaizoea ndani ya mwezi mmoja. Vaa viatu vya kupandia ngazi isiyo na kingo, na usirekodi saa sita mchana, jua la utosi linaua rangi za ukuta. Lililo zito hawaliulizi.

Mwaka wangu wa pili dalali alituita Tegeta. Nyumba ya vyumba vitatu, mwembe uani, mwenye nyumba baba wa makamo, mkarimu, akatuletea soda. Hati ilikuwa na jina lake. Nilizunguka chumba kwa chumba, nikafika jikoni, nikafungua kabati la vyombo mbele ya kamera na kulisifia. Kipindi kikaenda hewani Jumamosi usiku.

Jumapili asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, wewe ndiye uliyefungua kabati langu jana?"

Alikuwa Muheza, anamuuguza mama yake mzazi. Kwenye runinga ya pale nyumbani akayaona mapazia aliyoyashona kwa mkono wake, na mtu asiyemjua anawaambia watazamaji nyumba inauzwa. Mumewe hakuwa amemwambia neno. Sikuwa na jibu. Mbaya zaidi, kuna mtazamaji alishatoa malipo ya awali, na ilimchukua miezi mingi kurudishiwa fedha zake. Alitoa kwa sababu aliniona mimi.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Jina moja kwenye hati halimalizi habari. Nilikuwa sijawahi kukisoma. Nilijua kusifia vigae.

Kwa hiyo siku hizi kamera haiwashwi hadi tumefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, tujue nani amesajiliwa na kama benki inaidai nyumba. Tunaomba risiti za kodi ya pango la ardhi. Tunamwona mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha majirani wawili, maana jirani anajua kesi za mirathi ambazo hazijafika kwenye faili lolote. Na mke au mume anakuja mwenyewe, anasema kwa mdomo wake kwamba ameridhia.

Jifunze makaratasi, tafadhali. Mitaani kwetu kila karatasi yenye muhuri huitwa hati. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri serikali ya mtaa si hatimiliki. Leseni ya makazi, kibali cha muda tu cha kukaa kwenye kiwanja, nayo ni kitu kingine. Hata hatimiliki yenyewe ina muda, 33, 66 au 99, basi uliza imebaki miaka mingapi na uitaje hewani.

Halafu kuna lensi pana. Inakigeuza chumba cha mita tatu kwa tatu kuwa ukumbi. Mimi hutembea na tepu ya fundi, nikapima mbele ya mtazamaji. Ukuta ulioliwa na chumvi, kama nyumba nyingi za karibu na bahari, uonyeshwe kwa karibu. Kiwanja cha bondeni kiendee masika, kati ya Machi na Mei, ujue maji yanapita wapi.

Kuhusu fedha nitasema wazi: mshahara wa mwanzo ni mdogo na madalali watakuahidi asilimia. Kataa. Ukishakula asilimia ya nyumba huwezi tena kuuona ufa wake. Kama mwenye nyumba amelipia kipindi, mtazamaji aambiwe.

Na usianzie studio. Kirstie Allsopp na Phil Spencer, wanaotangaza kipindi cha kutafutia watu nyumba kwenye Channel 4 ya Uingereza tangu mwaka 2000, walikuwa tayari wanafanya kazi hiyohiyo ya kuwatafutia wanunuzi nyumba kabla ya runinga kuwachukua. Ukiweza soma Chuo Kikuu Ardhi au Chuo cha Ardhi Morogoro. Usipoweza, mfuate mthamini mwaka mzima, umbebee hata faili.

Wiki iliyopita tulifika Goba saa moja asubuhi, mwanga mzuri mno, bustani imemwagiliwa, taa zimeshafungwa sebuleni. Nikamuuliza mwenye nyumba mama watoto yuko wapi. Akasema yuko Mwanza, lakini hana tatizo. Nikaomba tumpigie. Simu haikupokelewa. Tukakunja nyaya, tukapakia gari. Mama anarudi Alhamisi, tutakwenda Ijumaa.