Kabla ya programu ya kuzuia wezi, angalia laini yako

Kila ninapokaa na akina mama wa kikoba chetu kuwarekebishia simu, swali la kwanza ni lile lile: "Mwanangu, niwekee programu ya kuzuia wezi." Zamani nilikuwa naweka. Siku hizi nauliza kwanza: mama, laini hii ina jina la nani?

Wewe unayeanza kutumia simu janja, anzia hapo. Pesa yako, WhatsApp yako, hata barua pepe ukisahau nywila, vyote vinarudi kwenye namba ya simu. Laini ikiwa na jina la shemeji, siku ikipotea utamtafuta yeye kwanza. Kwa Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, yaani kitambulisho chako cha taifa. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo wakaifute.

Halafu namba ya siri ya pesa. Wengi huweka mwaka wa kuzaliwa. Hebu itazame namba yako ya NIDA: tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila uliyemwachia kopi ya kitambulisho amebaki nao. Hiyo namba ya siri ibadilishe leo.

Kilichoniuma zaidi ni cha mama mmoja wa kikundi. Alipata ujumbe kutoka kwa mwenzake: "Nimekosea, namba sita zimekuja kwako, nitumie." Akatuma. Kumbe mwenzake alishaibiwa akaunti, na zile namba zilikuwa ufunguo wa WhatsApp ya mama huyu mwenyewe. Tapeli akaanza kukopa kwa jina lake, na wawili wakatoa. Tulipoisajili upya namba yake, tapeli alitolewa papo hapo, lakini alikuwa ameshaweka PIN yake, namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, ikabidi mama asubiri siku 7 ndipo aingie. Kwa hiyo iweke wewe kabla yake: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Ni dakika mbili tu. Na zile namba sita hapewi mtu, hata mtoto wako wa kumzaa.

Programu za ulinzi? Simu nyingi za Android zina Play Protect tayari, mlinzi wa Google anayekagua programu; usiizime. Pakua kutoka Play Store tu, na faili la programu ulilotumiwa kwenye kundi usilifungue. Simu ikiomba kusasishwa, kubali; kama bando ni shida, subiri ufike penye Wi-Fi.

Nywila ziandike kwenye daftari, ulifiche nyumbani. Najua wataalamu wengine hawalipendi, lakini kwa mama yangu ni bora daftari kuliko nywila moja kila mahali.

Na ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", usiufute tu. Kwa Tanzania utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na ukiulizwa namba iliyokutumia, itaje.